Kabla Hujaandika "Asicheze"

Wakubwa wote, shikamooni. Wazazi, walezi, walimu, wauguzi na madaktari mlioacha kazi zenu mkaja, karibuni. Na ninyi vijana mliojibanza safu ya nyuma, najua wengine hamkuja bali mmeletwa. Karibuni pia, maana mazungumzo haya ni yenu kuliko ya mtu mwingine yeyote humu ndani.

Kazi yangu ni tiba ya viungo kwa watoto. Katika mafaili ya watoto ninaowahudumia kuna barua inayojirudia, maneno yakibadilika kidogo tu: "Mtoto huyu ana ugonjwa wa muda mrefu. Tafadhali asishirikishwe katika michezo." Ina mhuri na ina sahihi. Haisemi ni michezo ipi, wala haina tarehe ya mwisho. Mtoto akiipeleka shuleni akiwa darasa la pili, atakaa kivulini akishika masweta ya wenzake mpaka amalize shule. Leo nimekuja kuisema barua hiyo.

Wanaoiandika wana sababu zao. Daktari ana foleni mlangoni. Mama ameshamwona mtoto akibanwa kifua usiku, hataki kuyaona tena. Mwalimu ana darasa zima la kuangalia na anaogopa mtoto asije akaanguka mikononi mwake. Kila mmoja anajikinga, na gharama anailipa mtoto, taratibu, kwa namna ambayo haionekani siku hiyo.

Gharama hiyo imeshapimwa. Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, watafiti waliwachukua vijana 5 wa umri wa miaka 20, wazima kabisa, wakawalaza kitandani wiki 3. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni katika kazi nzito ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye watu hao hao walipimwa upya. Ikaonekana kwamba kile walichopoteza kwa wiki 3 za kulala kilikuwa kikubwa kuliko walichopoteza kwa miaka 30 ya kuongeza umri. Na hao, nakumbusha, hawakuwa wagonjwa.

Sasa mchukue mtoto mwenye ugonjwa wa kweli. Kalazwa, karuhusiwa, kafika nyumbani, kila mtu anamwambia apumzike. Baada ya mwezi anapanda ngazi akihema. Nyumba nzima inasema: mnaona, ugonjwa bado unamsumbua. Mara nyingi kuhema huko ni kazi ya kitanda. Lakini kwa kuwa kumehesabiwa upande wa ugonjwa, dawa yake inakuwa kumpumzisha zaidi, na mwezi unaofuata hali ni mbaya kuliko ule uliopita.

Kwa vijana wanaobalehe hasara ni kubwa zaidi. Takriban robo ya mfupa wote ambao mtu mzima anautegemea hujengwa ndani ya miaka 2 tu, ile miaka anayorefuka kwa kasi. Mfupa hujengeka kwa chakula, kwa homoni, na kwa kugongwagongwa na uzito wa mwili: kuruka, kukimbia, kupanda. Kijana aliyekosa miaka hiyo hapati nyingine. Na wengi wa watoto tunaowazungumzia wanameza steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe wa ndani, kwa muda mrefu, kwa ajili ya figo, viungo au saratani, na dawa hizo hudhoofisha mfupa na kula misuli ya mapaja. Kwa hiyo yule tunayemkalisha chini kwa huruma ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kusimama.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za mwendo unaompandisha pumzi, na angalau siku 3 kwa wiki awe na shughuli za nguvu zinazoimarisha misuli na mifupa. Mwongozo huo uliwataja waziwazi watoto wenye ulemavu, na lengo lao ni hilo hilo la dakika 60. Wazazi, msiondoke hapa mkaanza na dakika 60. Huko ndiko tunakoelekea, na kuna watoto watakaofika, na wengine watakaofika nusu ya njia na nusu hiyo ikawafaa sana. Mtoto aliyekaa miezi 6 huanza na dakika 5, anapumzika, anaongeza 5.

Swali ninalotaka muondoke nalo kwa daktari halianzi na "je, aruhusiwe?" Muulizeni afanye nini, kwa kiasi gani, na aache akiona nini. Ndivyo tunavyouliza kuhusu dawa yoyote. Na majibu hutofautiana mno kati ya ugonjwa na ugonjwa, ndiyo maana barua moja kwa wote haiwezi kuwa sahihi.

Nianze na selimundu, ambao wengi mnauita siko seli. Chembe nyekundu za mtoto huyu hukunjika kama mundu zinapopungukiwa oksijeni, na huzidi kukunjika mwili ukikauka maji. Figo zake nazo, tangu utotoni, hupoteza uwezo wa kubakiza maji mwilini na kutoa mkojo mzito, kwa hiyo anapoteza maji mengi hata siku ambayo hajatoka jasho. Hapo mnaona mara moja masharti ya mchezo wake yanatoka wapi. Anywe maji kabla hajasikia kiu. Aanze polepole, apumzike mara kwa mara bila kuomba ruhusa. Asikimbizwe jua kali, asirushwe kwenye maji ya baridi, maana baridi hubana mishipa na maumivu huanza. Asishindanishwe hadi pumzi imkatike. Na walimu, kwa heshima zote: kukimbia kuzunguka uwanja kama adhabu, kwa mtoto huyu, ni hatari ya kweli. Binafsi naona si adhabu ya kumpa mtoto yeyote, lakini huyo mwacheni kabisa.

Ndani ya masharti hayo anacheza. Anatembea, anaendesha baiskeli, anaruka kamba kidogo, anacheza muziki. Mkikuta ana wengu kubwa, michezo ya kugongana tumboni isubiri. Akianza kuchechemea, au akilalamikia kinena au goti bila kuumia popote, msimpake dawa ya kuchua mkanyamaza. Kichwa cha mfupa wa paja huweza kukosa damu katika ugonjwa huu, na nyonga hiyo inataka picha mapema. Maumivu ya nyonga yana tabia ya kujitokeza gotini.

Nibaki hapo hapo kidogo, kwa sababu kuna tiba ndogo isiyo na umaarufu inayookoa mapafu. Mtoto wa selimundu aliyelazwa kwa maumivu ya kifua au mgongo huogopa kuvuta pumzi ndefu kwa sababu inauma. Anapumua juujuu, sehemu ya chini ya mapafu inajifunga, na hapo ndipo tatizo kubwa la kifua huanzia. Kuna kifaa cha plastiki chenye mpira ndani, mtoto anavuta hewa mpira unapanda. Pumzi ndefu 10 kila baada ya saa 2 akiwa macho zimeonyesha kupunguza matatizo hayo. Wengi huwapa watoto puto wapulize. Puto ni la kufurahisha, lakini kinachotafutwa ni kuvuta hewa ndani, si kuitoa. Kama kifaa hakipo, avute pumzi taratibu mpaka ajae, aishike kidogo, aiachie. Mama ahesabu naye.

Kisukari cha aina ya kwanza kina hesabu zake. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, kwa hiyo insulini ile ile iliyomtosha jana akiwa amekaa inaweza kuwa nyingi mno leo akicheza. Apime kabla. Kwa watoto wengi kiwango cha kuanzia mchezo ni kati ya milimoli 5 na 14 kwa lita, ambayo kwenye mashine nyingine husomeka kama miligramu 90 hadi 250 kwa desilita. Akiwa chini ya hapo, ale kwanza. Akiwa juu na ana ketoni, yaani asidi zinazojaa kwenye damu mwili ukikosa insulini, mchezo haupo, sukari ishughulikiwe. Mfukoni awe na kitu cha sukari kinachoingia haraka, na si kwenye begi lililofungiwa darasani! Asichome insulini pajani halafu akimbie, maana paja linalofanya kazi huinyonya haraka.

Linalowashangaza wazazi ni usiku. Misuli iliyotumia akiba yake mchana huendelea kuijaza kwa saa nyingi, na sukari inaweza kushuka wakati kila mtu amelala. Siku ya mashindano ni siku ya kupima tena kabla ya kulala, pengine na kupunguza dozi kwa maelekezo ya daktari. Na msishtuke mkiona mbio fupi za kasi zimeipandisha sukari badala ya kuishusha. Hiyo ni adrenalini, itapita. Mwogeleaji Gary Hall Jr. wa Marekani aligundulika na kisukari cha aina ya kwanza mwaka 1999, na akachukua dhahabu ya mita 50 katika Olimpiki ya 2000 na tena ya 2004. Namtaja kwa tahadhari. Hadithi za mabingwa zinatia moyo, ila huwa zinamwachia mtoto wa kawaida deni la kuwa shujaa. Mtoto wenu hadaiwi medali. Anadaiwa kucheza na wenzake jioni akarudi nyumbani akiwa mchafu.

Pumu, haraka. Njia za hewa hubana kwa sababu hewa nyingi kavu imepita kwa kasi, na mbano mara nyingi huwa mkali dakika 5 hadi 10 baada ya kuacha, wakati mwalimu ameshageuka. Kupasha mwili moto taratibu husaidia, na kuogelea huwafaa wengi kwa kuwa hewa ya juu ya maji ina unyevu. Lakini kama mtoto anabanwa kila akicheza, hiyo ni habari kwamba pumu yake haijadhibitiwa, na anachohitaji ni kuangaliwa upya dawa ya kuzuia, ile ya kila siku. Kumtoa uwanjani kunaificha habari hiyo tu. Pampu iwe mfukoni mwake. Vijana, najua mnaificha ili wenzenu wasiione. Tutalirudia.

Sasa nije kwenye viungo, ambako ndiko nashinda. Baridi yabisi ya watoto huanza kabla ya miaka 16, na asubuhi mtoto huamka amekakamaa. Hemofilia, ugonjwa wa damu isiyoganda vizuri, nayo humwaga damu ndani ya goti au kiwiko. Katika yote mawili, zamani ushauri ulikuwa kufunga kiungo na kulala. Leo tunajua misuli yenye nguvu ndiyo inayokilinda kiungo, na watoto hawa huogelea, huendesha baiskeli, hutembea. Wa hemofilia hachezi ngumi wala michezo ya kugongana, na anayepewa dawa ya kugandisha damu hupanga mchezo uangukie muda ambao dawa ina nguvu. Siku damu inavuja kiungoni, kiungo kipumzike; ikikoma, mwendo urudi hatua kwa hatua, usiachwe wiki nyingi.

Kuna kosa la huruma ninalolikuta nyumba kwa nyumba: mto chini ya goti. Goti lenye maumivu hupenda kukunjwa, kwa sababu likikunjwa presha ya ndani hupungua. Mama anaweka mto, mtoto anatulia, anasinzia. Usiku huo, na mwingine, na mwingine. Nyama za nyuma ya goti hufupika, na siku maumivu yanapokwisha mguu haunyooki. Bawaba isiyofunguliwa hushika kutu ikiwa imefunga. Kwa hiyo: dawa ya maumivu kwa wakati, maji ya uvuguvugu asubuhi, kisha mguu unyooshwe taratibu na mtoto mwenyewe, kwa nguvu ya paja lake, mpaka mwisho unaomkubali. Mto uende kichwani.

Watoto walio kwenye matibabu ya saratani ya damu wana dalili mbili ambazo mzazi anaweza kuziona kabla ya daktari. Vinkristini, dawa inayotumika sana, huathiri neva za miguu. Mtoto anaanza kujikwaa, na ukimwambia atembee kwa visigino hawezi kuinua vidole. Steroidi hudhoofisha mapaja na nyonga; mwambie ainuke kutoka sakafuni uone kama anajishika magotini kujisukuma juu. Ukiona lolote kati ya hayo, mlete mapema, maana kifaa chepesi cha kushikilia kifundo na mazoezi machache humrudisha kwenye kutembea vizuri. Siku chembe za kugandisha damu ziko chini sana au ana homa, tunapunguza au tunaacha. Timu yake itawaambia.

Kwa mtindio wa ubongo nina neno litakalowapunguzia kazi. Tangu mwaka 1997 tunatumia kipimo chenye ngazi 5 za uwezo wa mtoto kujongea, kuanzia anayetembea bila shida kubwa hadi anayehitaji kubebwa kila mahali, na kinatusaidia kuacha kuahidiana yasiyowezekana. Wazazi wengi hutumia jioni nzima kumnyoosha mtoto anayelia. Kunyoosha kwa mikono dakika chache peke yake kumeonyesha faida ndogo. Kinachozaa matunda ni mtoto kufanya mwenyewe, mara nyingi, kile kile anachotaka kukiweza: kuinuka kwenye kiti, kufikia kikombe, kupanda ngazi moja. Na kumjengea misuli nguvu hakuongezi kukakamaa kwake, kama tulivyokuwa tukiogopa. Kwa wa ngazi ya 4 na ya 5, kukalishwa vizuri na kusimamishwa kwa kifaa ni tiba, na nyonga zao zipigwe picha kwa ratiba, kwa sababu hutoka mahali pake kimya kimya.

Wapo ambao ushauri wangu wa "aongeze kidogo kidogo" unaweza kuwaumiza, na nisipowataja nitakuwa nimeandika barua nyingine mbovu. Mtoto wa kiume mwenye Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaomaliza misuli, asibebeshwe uzito, asifanyishwe kuchuchumaa wala kushuka ngazi kwa marudio. Kuogelea na baiskeli kwa raha yake vinatosha, na mkojo ukiwa mweusi baada ya mchezo mpelekeni hospitali. Kijana mwenye ule uchovu sugu ambao juhudi ya leo humwangusha kesho na keshokutwa, asisukumwe. Uingereza waliondoa mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba kwenye mwongozo wao wa ugonjwa huo mwaka 2021. Moyo wenye valvu iliyobana sana, au misuli yake ikiwa imevimba au imenenepa, ni wa daktari wa moyo kuamua. Na mtoto yeyote, awe na faili au hana, akizimia katikati ya mbio, mchezo usimame mpaka moyo wake uchunguzwe. Kuzimia mstarini gwaride likiwa limesimama ni jambo jingine, na kwa kawaida ni jepesi.

Mtapimaje kiasi nyumbani? Akicheza, mzungumzishe. Akiweza kuongea ila hawezi kuimba, kiasi ni kizuri. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze. Maumivu ya misuli yanayotulia jioni ile ile si ya kuogopa. Kiungo kikivimba, au maumivu yakimwamsha kesho yake, basi dozi ilizidi, ipunguzeni. Nasema kupunguza, siyo kufuta.

Sasa vijana wa nyuma. Niseme na wazazi wenu kwa niaba yenu, mnirekebishe nikikosea. Karatasi yenye mazoezi 12 na picha za watu wanaotabasamu huishia mlangoni mwa friji. Mawili yaliyochaguliwa na mtoto mwenyewe hufanyika. Mtoto mdogo hafanyi zoezi, anacheza. Ukitaka anyanyue mkono juu, weka anachokitaka juu. Kijana naye hataki mama awe askari wa mazoezi. Mwachieni ratiba, mwachieni aamue ni muziki gani, na mwachieni aje kliniki aongee na sisi peke yake kwa dakika kadhaa, kwa sababu kuna mambo ya mwili wake hatayasema mbele yenu. Pampu inafichwa kwa sababu kuna mtu darasani aliwahi kucheka. Hilo haliponywi na tiba ya viungo, linaponywa na mwalimu anayesema mapema, kwa sauti ya kawaida, kwamba mwenzenu akitoa pampu mpeni nafasi akae wima, na mchezo uendelee.

Turudi kwenye barua, kwa kuwa naona madaktari wawili watatu mnaandika. Iandikeni, ila iseme hivi: mtoto ashiriki, anachoweza ni hiki na hiki, asichofanya ni hiki, na sababu yake kwa mstari mmoja, dalili za kuacha ni hizi, mkiziona, fanyeni hivi na mpigieni huyu. Chini kabisa tarehe ya kuangaliwa upya, isizidi muhula mmoja. Walimu, mkiletewa isiyo na tarehe, mrudishieni mzazi airudishe ilikotoka. Mtoto asiyeweza kukimbia siku hiyo apewe filimbi, apewe kuhesabu magoli, atupe mpira akiwa amekaa, awe ndani ya mstari pamoja na wenzake.

Muda wa maswali tumeupata wa kutosha. Tutaanza na vijana, na wazazi wao wasiwanong'oneze cha kuuliza.